Nguo Alizotugawia Bibi Maendeleo

Kijijini kwetu, kwenye mgongo wa mlima ulio juu ya Mlalo, hakuna aliyemwita kwa jina. Serikali ilimleta miaka michache baada ya Uhuru awafundishe wanawake kushona, kupika uji wa watoto, kuchemsha maji ya kunywa na kuchimba shimo la taka, na kazi hiyo ilikuwa na jina lake: Bibi Maendeleo. Wazee walimwita hivyo, watoto walimwita hivyo, hata mchungaji alipomwombea kanisani alisema "Bibi Maendeleo wetu." Asili yake hatukuichimba. Tulijua ana dada yake kule chini Mlalo, kwamba Kishambaa anakijua kama sisi, na kwamba hana mume wala mtoto, jambo ambalo wanawake walilizungumza sana alipofika kisha wakalizoea.

Alikuwa mrefu, na alipanda milima yetu akiwa na viatu vya visigino huku sisi tukipanda pekupeku, na bado alifika juu kabla yetu. Nywele alizichoma kwa kitana cha moto zikalala kama nyasi baada ya mvua. Uso wake ulikuwa mweupe, rangi ya ganda la kiazi kipya, na juu yake alipaka poda kidogo. Tuliamini alizaliwa hivyo. Mimi nilikuwa mke mpya wakati huo, nimeolewa kutoka upande wa Malindi, ile ya huku huku milimani, na nilipomwona mara ya kwanza nilipiga goti kwa shikamoo kabla sijaambiwa ni nani.

Kila Alhamisi alasiri tulikusanyika kwenye baraza la ghala la ushirika. Ratiba ilisema ushonaji. Na kweli tulishona, vitambaa vya meza na nguo za watoto, lakini mikono ikishashika sindano midomo hufunguka, na yaliyozungumzwa pale hayakuwa ya vitambaa. Tuliulizana kama kunyoa kwapa kwa wembe kunaleta vipele. Tuliulizana kama mafuta ya nazi kutoka Tanga yanashinda samli kwa ngozi ya kipupwe, ile inayopasuka visiginoni. Wenzetu wa Kiislamu walieleza habari za hina na udi, na sisi wa Kilutheri tulijifanya hatutaki kusikia huku tukisogea karibu. Wako waliosuka kwa uzi na waliotaka kuchoma nywele kama yeye ila waliogopa wakwe zao. Yeye alikagua mishono akisikiliza, halafu alitoa neno lake moja, fupi. Alipenda kusema kwamba mwanamke anayesugua sufuria hadi ing'ae na kulala na miguu yenye udongo amejisahau yeye mwenyewe. Tulicheka. Usiku ule katika nyumba nyingi yalisikika maji yakimwagwa.

Somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kupunguza nguo. Kabla ya masika, na tena kabla ya vuli, alituamuru tulete kila kitu tulichonacho, tukitandaze kwenye nyasi mbele ya ghala na kutenga: za kuvaa, za kukatia nepi, za kugawa. Mtu akisikia leo atacheka, maana tulikuwa na nguo gani sisi za kupunguza? Lakini zilikuwepo. Kila mwanamke alikuwa na kanga zilizochanika, kaniki za mama yake, koti la mume aliyekufa, gauni la kipaimara lisilomwingia tena. Tulikuwa tunavificha vitu hivyo chini ya vitanda vikaliwa na panya. Alipita katikati ya nyasi, akigusa kitambaa kwa ncha ya vidole, akiuliza swali lile lile: "Hii unamtunzia nani?"

Jirani yangu Mama Rahel, mama mtu mzima aliyekuwa na ulimi mkali kuliko sisi wote, siku moja alileta kikapu chenye vijinguo vya mtoto mchanga, vya rangi ya maziwa. Bibi Maendeleo akavigusa akamuuliza.

"Namtunzia aliyekufa," alisema Mama Rahel.

Bibi Maendeleo alipiga magoti kwenye nyasi, akavikunja kimoja kimoja, akavirudisha kikapuni kwa mkono wake, kisha akakaa pale karibu na Mama Rahel mpaka ukungu ukashuka tukatawanyika. Tangu siku ile hakuuliza tena habari za nguo za watoto. Nadhani ndiyo siku tuliyompenda.

Lakini hakuwa mtu rahisi. Alitufundisha kupunguza, na yeye ndiye aliyekuwa na nguo nyingi kuliko mwanamke yeyote mlimani: magauni yenye ukosi, sketi za mikunjo, sweta za kufunga vifungo mbele, shumizi za kuvaa ndani, zenye lesi chini. Alizipiga pasi ya mkaa hata zile za kwenda nazo shambani. Alituambia mgeni apokelewe wakati wowote, na yeye mlango wake haukufunguka asubuhi mpaka poda ikae usoni. Mke wa mwalimu mkuu aliposhikwa na uchungu alfajiri, tulimgongea Bibi Maendeleo, akaitika kutoka ndani kwamba anakuja, na tukasimama kwenye baridi tukimsubiri hadi jua likachomoza juu ya mikaratusi. Alitoka amevaa vizuri, amepaka poda, amefunga kitambaa shingoni. Mtoto alikuwa amekwisha zaliwa. Tulilifanya jambo lile kichekesho cha mwaka mzima. Hakuna aliyejiuliza mtu anaficha nini hata mwenzake anapozaa.

Kisha likaja agizo kutoka wilayani. Ulikuwa wakati ambao nchi nzima ilikuwa inazungumzia heshima ya Mwafrika, na viongozi walitaka sketi fupi zikome, mawigi yakome, na mafuta na sabuni za kujichubua zikome. Kwetu sketi fupi ilikuwa haijawahi kufika, lakini agizo ni agizo. Mkutano ukaitwa uwanjani na Bibi Maendeleo akapewa karatasi aisome kwa wanawake. Aliisoma kwa sauti yake ile ya darasani, iliyonyooka. Alipofika mahali pa ngozi, kwamba mwanamke anayejichubua anamtukana mama aliyemzaa, sauti haikutetemeka. Lakini nilikuwa nimekaa mbele, na niliona jasho likishuka kutoka chini ya kitambaa chake cha kichwa, likipita kwenye poda na kuacha mfereji, na ndani ya mfereji ule ngozi haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa.

Kijana mmoja nyuma alicheka. Mwenyekiti akamkaripia. Bibi Maendeleo alikunja karatasi, akatushukuru kwa kuja, akaondoka kwa mwendo wake wa kawaida.

Tulilizungumza tulipokuwa tunateka maji, kwa sauti ya chini. Mmoja alisema ni joto. Mwingine alisema hata akijichubua ni shauri lake, si anatufundisha vizuri? Mama Rahel alisema sabuni za namna hiyo zinatoka Mombasa, zinapitishwa na wachuuzi wa mpakani, na kwamba ndani yake kuna dawa ya kuua panya. Hakuna aliyemwamini, kwa kuwa Mama Rahel aliona dawa ya panya kila mahali.

Aliyeyashika maneno yale vizuri alikuwa Zaina, mke wa kijana aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga. Zaina alikuwa mweusi wa kupendeza, mwenye meno madogo, na mume wake kila akija likizo alimsifia wanawake wa mjini. Alhamisi moja, wengine walipokuwa wanakunja vitambaa, Zaina alimsogelea Bibi Maendeleo akamwomba amwagizie sabuni yake. Alimwomba kwa adabu, macho chini.

"Uso wako una kasoro gani?" Bibi Maendeleo alimuuliza.

"Haufanani na wako, Bibi."

Ndiyo mara pekee tuliyomwona amekasirika. Alimwambia Zaina mbele yetu kwamba akimsikia tena anataja jambo hilo asikanyage baraza lile. Zaina alilia. Tukasema kati yetu kwamba Bibi Maendeleo ni mchoyo, hataki mwingine awe mzuri. Sabuni Zaina aliipata mwenyewe gulioni, na baada ya muda mashavu yake yakaanza kung'aa, na mume wake akaleta redio. Alipopata mimba, Bibi Maendeleo alikwenda nyumbani kwake mchana, akafunga mlango, akakaa naye muda mrefu. Zaina hakusema waliyozungumza. Ila aliacha kuitumia sabuni hadi alipojifungua, na mtoto alipoanza kukaa akairudia.

Miaka ile tulikuwa tumeanza kulima shamba la ujamaa bondeni, maharage na viazi, kila kaya ikitoa watu wake kwa zamu. Ndipo Bibi Maendeleo alipoanza kunenepa. Kwetu mtu akinenepa anapongezwa, na sisi tulimpongeza. Tulimwambia amenawiri, tulimwambia mlima umemkubali, tulimwambia serikali inamtunza. Asubuhi uso wake ulikuwa mpana, macho yamezama, na kufikia alasiri unene ulikuwa umeshuka miguuni. Viatu vya visigino vikamshinda akaanza kuvaa malapa. Hakupanda tena mlima kabla yetu. Alisimama kila kona, akijifanya anatazama mashamba ya watu, na sisi tuliopita tulimsalimu na kuendelea.

Halafu akatuita nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya zahanati. Kitanda kilikuwa hakionekani kwa magauni.

"Chagueni," alisema.

Sijui kama nimewahi kuona furaha kama ile. Wanawake wazima tulivua nguo zetu mle ndani kama wasichana wa bweni, tukajaribu, tukabadilishana, tukacheka makalio ya kila mmoja. Yeye alikaa kwenye kigoda, miguu ameifunika kwa kanga, akitufunga vifungo vya mgongoni na kutuonyesha pa kupunguza. Mama Rahel alishika gauni la buluu lenye ukosi mweupe, lile alilovaa kila sikukuu.

"Hili huwezi kulitoa, Bibi."

"Haliniingii."

"Si ulitanue? Wewe ndiye uliyetufundisha kuacha kitambaa kwenye mshono."

"Nimekwisha litanua," alisema.

Mama Rahel akamwambia basi atafute fundi wa mahema, na tukacheka mpaka tukashika mbavu. Yeye pia alicheka. Tulirudi majumbani kwa kuimba, kila mtu na furushi lake kichwani, na Alhamisi iliyofuata barazani tulikuwa Bibi Maendeleo wengi, ukosi huku, mikunjo kule, na yeye katikati yetu amevaa kanga na sweta la kiume.

Alituita tena baada ya mavuno. Safari hiyo alitoa sweta na makoti ya mvua. Mwaka uliofuata alitoa mashuka, na mwisho shumizi zake zile zenye lesi. Tukiwa njiani kurudi, Mama Rahel alisimama akasema mtu hagawi shumizi yake. Alilisema polepole, si kwa mzaha wake wa siku zote. Tulikuwa tumebeba vitu, jua linazama, watoto wanasubiri chakula. Kila mmoja alimsubiri mwenzake ajibu, tukaendelea na safari.

Haukupita muda mrefu, gari la wilayani likaja kumchukua. Tuliambiwa amepata uhamisho. Watu wa serikali huhamishwa, kwa hiyo tuliamini, tukamfungia matunda ya peasi kwenye kikapu na kumwimbia. Alipanda garini kwa kusukumwa na watu wawili, nasi tuliona ni kwa sababu ya unene.

Baraza la ghala likabaki tupu, kisha likawekwa mbolea. Baadaye ukaja uhaba. Madukani hakukuwa na kanga, hakukuwa na sabuni ya aina yoyote, tukafua kwa majivu na kuoga kwa majani. Magauni ya Bibi Maendeleo ndiyo yaliyotusitiri. Tuliyavaa kanisani, kisha sokoni, kisha shambani, hadi yakawa viraka vya viraka.

Nilimwona mara moja tu tangu aondoke. Nilikuwa nimeshuka Mlalo siku ya gulio na gunia la viazi, na mama aliyekuwa anauza vitunguu kando yangu alikuwa na sauti niliyoifahamu. Tulipoulizana tulikotoka, alitikisa kichwa akasema, "Basi unamjua dada yangu. Yuko nyumbani. Anaumwa figo, wanasema ni zile sabuni, na hospitali wamemrudisha." Nilimuuliza uhamisho ulikuwaje. Akanitazama. Akasema hakukuwa na uhamisho wowote.

Viazi vilipokwisha alinipeleka; nyumba ilikuwa nyuma ya kanisa la zamani. Dada mtu aliingia mbele yangu akamwita kwa jina lake, jina la Biblia, la kawaida kabisa, na nikashangaa kwamba sikuwahi kulisikia. Aliyekuwa kitandani alikuwa amejifunika blanketi. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umenitambua?"

Nilisema ndiyo, na nilimtambua kwa sauti tu. Uso ulikuwa na mapande meusi yenye ukingo wa kijivu, na katikati yake vipande vyekundu visivyo na ngozi ya kutosha. Nywele zilikuwa zimenyolewa. Hakukuwa na poda. Dada yake alikuwa ameacha biashara sokoni, akaniomba nimwogeshe wakati yeye anarudi kuiangalia, nikakubali. Nilichemsha maji, nikamkalisha uani kwenye mkeka penye jua. Kila nilipomshika, kidole changu kiliacha shimo ambalo halikuinuka.

Aliniuliza habari za kijijini. Nilimwambia wanawake wanakwenda shambani wamevaa magunia yaliyoshonwa, nikadhani atacheka. Aliniuliza habari za Zaina.

"Zaina amekuwa mweupe sana," nilisema.

Alifumba macho. Alisema kwamba siku ile alipofunga mlango alivua kitambaa cha shingo mbele ya Zaina, akafuta poda, akamwonyesha kila kitu, na Zaina alimshika mikono akaapa kuiacha sabuni.

Nilimuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakuiacha. Nilimuuliza kwa upole, huku namsugua mgongo, ili asinitazame.

"Niliacha mara nyingi," alisema. "Ukiiacha, uso unageuka kuwa hivi. Nani angekuja kusikiliza habari za usafi kutoka kwa uso huu?"

Maji yalikuwa yanapoa. Nikaongeza ya moto.

"Zile nguo," alisema. "Kila nilipowaita nilifikiri mmoja atabaki nyuma, wengine wakishatoka, aniulize."

"Hatukujua, Bibi."

"Najua hamkujua. Mlikuwa mnajaribu magauni."

Hakulisema kwa uchungu. Nilimfuta, nikamvika koti la shemeji yake, maana hakukuwa na nguo nyingine ya kumwenea, nikamrudisha ndani. Aliomba nimgeuze atazame ukutani. Nilikaa hadi dada yake aliporudi, kisha nikapanda mlima na gunia tupu, na nyumbani sikuweza kusimulia, si kwa mume wangu wala kwa Mama Rahel.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza mchungaji aliposoma matangazo ya misiba ya sharika za jirani. Akasoma jina lile, akasema ni wa Mlalo, mazishi yamefanyika. Wanawake kwenye benchi letu walitazamana, wakapandisha mabega. Mchungaji akaendelea na habari za sadaka ya mavuno. Nikamwinamia Mama Rahel nikamnong'oneza kwamba ni Bibi Maendeleo, naye akamnong'oneza wa pili, neno likatembea hadi mwisho wa benchi, likarukia benchi la nyuma. Kisha nikasikia sauti ya mmoja wao, sikugeuka kuona ni nani, ikiuliza taratibu:

"Kumbe alikuwa anaumwa?"